Mangi Rindi wa Moshi na Chuma cha Ugweno

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, tazama nyuma ya mlango wa nyumba yako. Huenda ipo sime imetundikwa hapo. Kama kwako haipo, kwa jirani ipo. Ichukue. Itoe katika ala yake polepole, maana ina makali pande zote mbili.

Sime ni kisu kirefu. Karibu na mpini ni nyembamba. Kadiri unavyokwenda mbele inapanuka, halafu inachongoka kwenye ncha. Umbo hilo lina sababu. Uzito umewekwa mbele, kwa hiyo mkono ukishuka, uzito wenyewe unasaidia kukata. Mpini umevikwa ngozi ili usiteleze katika kiganja chenye jasho. Ala ni mbao mbili nyembamba zilizofunikwa kwa ngozi, na ngozi imepakwa rangi nyekundu.

Hapa Lemara sime si kitu kigeni. Mzee huivaa kiunoni akienda kwenye kikao. Mchungaji huenda nayo machungani. Mama huiomba akate mkungu wa ndizi. Wahunzi wa siku hizi huitengeneza kwa springi ya lori au kwa tupa kuukuu. Lakini babu wa babu yako naye alikuwa na sime. Wakati wake hapakuwa na lori hata moja chini ya Mlima Meru. Je, chuma chake kilitoka wapi?

Niliwauliza wanakisomo wetu swali hili. Mmoja alisema chuma kililetwa na Wazungu. Mwingine alisema kililetwa na Waarabu. Majibu hayo yalinisumbua, ndiyo maana nikaandika habari hizi. Chuma kilikuwapo kabla ya hao wote. Njia nzuri ya kukueleza ni kukusimulia maisha ya mtu mmoja maarufu aliyeishi wakati chuma chetu kilipoanza kusahauliwa. Mtu huyo ni Mangi Rindi wa Moshi.

Rindi alikuwa nani?

Mangi ni mtawala kwa lugha ya Wachaga. Zamani Uchagani hapakuwa na Mangi mmoja tu. Kila kilima kilikuwa na Mangi wake: Machame, Kibosho, Moshi, Kilema, Marangu, Mamba, Rombo na kwingineko. Kati ya kilima na kilima lilikuwapo korongo lenye mto, na mara nyingi korongo hilo ndilo lilikuwa mpaka. Wamangi hawa waliozeana mabinti, walifanya biashara, na walipigana.

Moshi ya Rindi si mji wa Moshi unaoujua wewe, wenye stesheni ya reli. Mji huo ulijengwa baadaye, kule chini tambarare. Moshi yake iko juu mlimani, na leo inaitwa Old Moshi. Haikuwa nchi kubwa. Kibosho na Machame zilikuwa na watu wengi kuliko yeye. Lakini Rindi alikuwa na akili nyepesi na ulimi mzuri. Watu wa pwani walimwita Mandara, na kwa jina hilo alijulikana mpaka Unguja na Ulaya.

Wageni waliomwona walisema alikuwa na jicho moja tu zima, lakini jicho hilo liliona mengi. Alijua Kiswahili vizuri. Jambo hilo lilimsaidia sana. Wamangi wengine walihitaji mkalimani kila ulipofika msafara kutoka Pangani au Mombasa. Rindi alikaa na wageni, akasikiliza wanayosemezana, akajua bei za vitu.

Sasa, wewe wa Lemara, ujue kwamba habari za Rindi zinakuhusu. Waarusha walihamia kwenye miteremko ya Mlima Meru karibu na miaka ya 1830, wakitokea Arusha Chini. Walilima, lakini walipigana kwa desturi za Kimaasai, wakagawanyika kwa rika. Rindi aliwaona kuwa ni wapiganaji hodari. Aliwaalika morani wao wamsaidie katika vita dhidi ya majirani zake. Malipo yao yalikuwa sehemu ya ng'ombe waliotekwa. Kutoka hapa mpaka Moshi ni kilomita 80 hivi, nao walikwenda kwa miguu, mkuki mkononi, ngao begani na sime kiunoni. Baadhi yao hawakurudi.

Chuma kutoka mchangani

Mikuki na sime hizo zilikuwa kazi ya wahunzi. Uchagani walikuwapo wahunzi wazuri, hasa upande wa mashariki kule Mamba. Hata Wamaasai walinunua mikuki kutoka Uchagani. Lakini Kilimanjaro hapakuwa na chuma cha kuyeyusha. Chuma kilitoka Ugweno, katika milima ya Upare ya Kaskazini. Ukisimama Old Moshi siku isiyo na mawingu unaiona milima hiyo upande wa kusini-mashariki.

Huko Ugweno uhunzi ulikuwa kazi ya heshima kubwa sana. Wazee wa huko husimulia kwamba hapo kale waliotawala nchi walikuwa ukoo wa Washana, yaani wahunzi wenyewe. Baadaye ukoo wa Wasuya uliwapindua, lakini Washana waliendelea na kazi yao ya moto na nyundo.

Wagweno hawakuchimba mashimo marefu kutafuta chuma. Mvua kubwa ikinyesha, vijito huteremsha mchanga mweusi kutoka milimani. Mchanga huo ni mzito kuliko mchanga wa kawaida. Ukitaka kuujua, shika sumaku kandokando ya kijito chenye mchanga wa namna hiyo: chembe nyeusi zitarukia sumaku. Hizo ni chembe zenye chuma. Watu waliukusanya mchanga, wakauosha ili udongo mwepesi uchukuliwe na maji, wakabaki na ule mzito.

Kisha walichimba shimo la tanuri. Walilijaza makaa ya miti migumu, wakaongeza mchanga kidogo kidogo. Pembeni waliweka mrija wa udongo wa kufinyanga. Nyuma ya mrija ilikuwapo mivukuto, yaani mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi. Mtu mmoja aliketi akaishika yote miwili. Mkono wa kulia ukiinuka, wa kushoto unashuka, ili upepo usikatike. Upepo ukikatika, moto unapoa, na kazi ya siku nzima inaharibika. Kwa hiyo wavukutaji walipokezana.

Usifikiri kwamba chuma kilitiririka kama maji. Moto wa tanuri lile haukufika kiasi hicho. Kilichobaki chini ni bonge lenye matundu matundu, nusu chuma na nusu taka. Taka hizo ndizo tunazoziita mavi ya chuma. Mhunzi alilitia bonge motoni tena, akaliponda kwa jiwe kubwa. Taka zikaruka na cheche. Alirudia mara nyingi, mpaka likabaki pande safi la chuma. Mapande hayo ndiyo yaliyobebwa kwenda sokoni na kubadilishwa kwa mbuzi, ng'ombe na vyakula.

Kisu kinavyozaliwa

Mhunzi akishapata pande lake hutia makaa motoni, akavukuta. Chuma kikiwa chekundu hakijawa tayari kwa kazi nzito. Hungoja kikaribie rangi ya ndizi mbivu. Hapo hukishika kwa koleo, hukiweka juu ya fuawe, naye hupiga. Fuawe ya zamani ilikuwa jiwe gumu lililozikwa nusu ardhini. Hupiga kwa haraka, maana rangi ikirudi kuwa nyekundu iliyofifia, chuma hupasuka badala ya kutanuka. Basi hukirudisha motoni. Kisu kidogo hurudi motoni mara nyingi. Sime hurudi mara nyingi zaidi.

Kwanza hurefusha. Pili hutanua upande wa mbele. Tatu hupiga katikati kwa uangalifu ili ubaki uti mnene kutoka juu mpaka chini, kama uti wa jani la mgomba. Uti huo huzuia sime isipinde. Nyuma huacha mkia mwembamba, nao huingia ndani ya mpini. Mwisho husugua bapa lote kwa jiwe, halafu hunoa kwa kinoo na maji.

Chuma cha Ugweno kilikuwa laini kuliko springi ya lori. Kisu chake kilihitaji kunolewa mara kwa mara. Lakini kikipinda, mwenyewe alikinyoosha juu ya jiwe akaendelea na safari. Kisu cha chuma kigumu sana, kikipinda, huvunjika.

Mpini ulichongwa kwa mti mgumu uliokaushwa kivulini. Mti mbichi haufai. Ukikauka husinyaa, na kisu kinacheza. Walitoboa mpini kwa kuuchoma: mkia wa kisu ulitiwa motoni mpaka ukawa mwekundu, ukasukumwa ndani ya mti. Tundu likawa sawasawa na mkia. Kisha walivika ngozi mbichi ya ng'ombe juu ya mpini wakaishona. Ngozi mbichi ikikauka hubana, haihitaji gundi wala msumari.

Ala nayo ina ufundi wake. Hapa nitakueleza na kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja tulitaka darasa letu litengeneze kisu kimoja cha namna ya zamani, bila kitu cha dukani. Mhunzi jirani alitufulia bapa. Ala nikasema nitaitengeneza mimi, kwa sababu nilikuwa nimesoma jinsi ya kufanya. Nilikata ngozi, nikailoweka usiku kucha, nikaifunga moja kwa moja juu ya kisu kitupu, nikashona. Nilijiona fundi. Baada ya siku nne nilijaribu kuchomoa kisu mbele ya darasa. Hakikutoka. Ngozi ilikuwa imekibana kama koleo. Tulipoipasua, tulikuta chuma kimeota kutu yote, kwa maana maji ya ngozi hayakuwa na pa kwenda. Bibi mmoja wa darasani alicheka mpaka akashika mbavu. Hajaacha kunikumbusha.

Mzee aliyezaliwa na kazi hii alituonyesha njia. Kwanza chonga mbao mbili nyembamba, uzichimbe ndani kidogo kwa umbo la kisu. Zifunge pamoja na uhakikishe kisu kinaingia na kutoka kwa urahisi. Halafu kitoe kisu, ukipake mafuta, ukiweke mbali. Ndani ya mbao weka kijiti cha umbo lile lile. Ndipo uvike ngozi iliyolowekwa. Toboa matundu kwa msharasi, ushone upande wa nyuma kwa ukanda mwembamba wa ngozi au kwa kano la ng'ombe. Usikaushe juani. Ining'inize kivulini siku kadhaa. Ikikauka, toa kijiti. Ipake udongo mwekundu uliosagwa na kuchanganywa na mafuta. Kitanzi cha mkanda kishonwe pamoja na ngozi tangu mwanzo. Ukikishona baadaye kitang'oka.

Tulifanya hivyo, ikawa nzuri. Kisu chenyewe mpaka leo kina madoa ya ile kutu yangu.

Mhunzi aliogopwa

Lipo jambo moja la ajabu. Mhunzi alihitajiwa na kila mtu, lakini si kila mtu alitaka kumkaribia. Uchagani watu waliogopa laana ya nyundo. Mtu aliyeibiwa aliweza kumwendea mhunzi, na mwizi akisikia tu kwamba mhunzi ametajwa, alirudisha mali. Kwa Wamaasai wahunzi waliishi kando na wengine. Moran aliyepokea silaha mpya kwa mhunzi alipaka mikono yake mafuta kwanza. Watu walisema chuma kinamwaga damu, basi anayekifua ana sehemu katika damu hiyo. Mimi naona haikuwa haki. Aliyenunua mkuki na kuutumia alisifiwa kwa nyimbo, na aliyeufua alitengwa.

Misafara na bunduki

Wakati wa ujana wa Rindi misafara kutoka pwani ilikuwa imezoea njia ya Kilimanjaro. Ilileta nguo, shanga, na nyaya nene za chuma na za shaba. Ilirudi na pembe za ndovu na watu. Ndiyo, watu. Mateka wa vita waliuzwa utumwani, na Rindi alikuwa mmoja wa waliouza. Sitaficha jambo hili kwa sababu tu alikuwa mtu maarufu wa kwetu.

Wahunzi walizipenda zile nyaya. Mhunzi alikunja waya, akaupasha moto, akaupondaponda mpaka ukashikana kuwa pande moja. Hakuhitaji tena kungoja chuma kutoka Ugweno. Mkuki wa Kimaasai ukaanza kuwa na bapa refu kuliko zamani, kwa sababu chuma kilipatikana kwa urahisi. Watu waliona ni faida. Ilikuwa faida kweli, kwa wakati ule.

Lakini misafara ilileta na kitu kingine ambacho mhunzi wa Mamba hakuweza kukifua. Kitu hicho ni bunduki. Mhunzi aliweza kutengeneza mkuki mbele ya macho yako kuanzia asubuhi mpaka jioni. Bunduki ilihitaji baruti, na baruti ilitoka mbali. Ikiisha, bunduki inakuwa rungu. Mangi mwenye mikuki alimtegemea mhunzi wake. Mangi mwenye bunduki alimtegemea mfanyabiashara wa pwani. Rindi alilijua hilo. Tangu hapo alitumia akili yake yote kutafuta wageni watakaompa bunduki na baruti.

Mwaka 1871 alifika mmisionari Mwingereza, Charles New. Rindi alimpokea vizuri, akampa watu wa kumwongoza, naye New akapanda Kilimanjaro mpaka kwenye theluji. Waliachana kama marafiki. New aliporudi mara ya pili, Rindi alimnyang'anya vitu vyake. New alikata tamaa, akashika njia ya kurudi pwani, akafa njiani Februari 1875. Habari hiyo ilimchafulia Rindi jina kwa miaka mingi.

Hata hivyo wageni hawakuacha kuja. Mwaka 1883 alipita Mskoti Joseph Thomson, akielekea nchi ya Wamaasai. Mwaka 1884 alikuja Harry Johnston, kijana Mwingereza aliyekusanya ndege na mimea. Aliishi Moshi miezi kadhaa, wakaelewana, wakagombana, wakapatana. Mwaka 1885 walikuja wamisionari wa Kiingereza kukaa. Walitaka kufundisha dini na kusoma. Rindi aliwakubali, lakini alichotamani zaidi kilikuwa silaha.

Nchi ya chuma inavunjwa

Sasa nafika mahali pagumu katika maisha yake.

Ili apate bunduki, Rindi alihitaji mali ya kuuza. Ili apate mali, alipeleka vita kwa majirani. Wapiganaji wa Moshi waliteremka tambarare wakaingia Upare. Walifika Ugweno. Walichukua ng'ombe, na walichukua watu, wakawapeleka kwa wafanyabiashara wa pwani.

Fikiri, ndugu msomaji. Nchi iliyomlisha babu yake Rindi chuma ndiyo iliyovunjwa na Rindi. Mikuki iliyochomwa katika miili ya Wagweno huenda ilitoka kwenye mchanga wa vijito vyao wenyewe. Wanaume waliojua kuvukuta na kuyeyusha walikimbilia juu milimani. Baadhi yao walifungwa kamba shingoni, wakapelekwa pwani pamoja na ufundi wao. Mtu akiuzwa, maarifa yake yanauzwa pamoja naye, na hakuna anayeyaandika katika hesabu.

Je, Rindi aliona alichokifanya? Sijui moyo wake. Najua tu kwamba alikuwa na adui wa kumtisha. Adui huyo alikuwa Sina, Mangi wa Kibosho, jirani yake wa magharibi. Sina alikuwa na watu wengi na ngome ya mawe. Kila alipopata bunduki kumi, Rindi alitaka ishirini. Ukiishi na jirani kama huyo usiku hulali.

Bendera mbili

Mwaka 1885 ulikuwa mwaka wa mambo mengi. Sultani Barghash wa Unguja alimtuma Jenerali Mathews mpaka Kilimanjaro. Wamangi wakakubali kwamba wako chini ya Sultani, naye Rindi akakubali. Baada ya muda mfupi, Juni mwaka huo huo, akafika Mjerumani aliyeitwa Jühlke akiwa na karatasi ya mkataba. Rindi akaweka alama yake hapo pia.

Wengine humwita kigeugeu. Mimi nadhani aliwatazama wageni kama alivyowatazama wafanyabiashara: huyu akikosa, yule atatoa. Hakujua kwamba safari hii wageni hawakuja kununua pembe wakaondoka. Mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani waligawana nchi hizi huko Ulaya kwa kuchora mstari kwenye ramani. Mstari ulikwenda kutoka pwani, ukazunguka Kilimanjaro, ukaiacha upande wa Wajerumani. Rindi hakuulizwa.

Mwaka 1889 alifanya jambo ambalo hapana Mangi mwingine aliyelifanya. Alituma wajumbe wake mpaka Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, wakasafiri pamoja na Mjerumani Otto Ehlers. Wachaga hao walimwona Kaisari Wilhelm, wakatembezwa, wakaona askari, wakarudi mwaka 1890 na zawadi. Fikiri waliyoyasimulia barazani jioni walipofika nyumbani. Bila shaka walimwambia Mangi wao habari za viwanda vya chuma ambavyo tanuri lake moja lingemeza milima ya makaa.

Februari 1891 Rindi alipata alichokitamani miaka mingi. Jeshi la Wajerumani, chini ya Wissmann, lilimpiga Sina wa Kibosho. Watu wa Moshi waliwasaidia Wajerumani. Ngome ya mawe ikaanguka, Sina akasalimu amri. Rindi akawa ameshinda, lakini kwa bunduki za mtu mwingine. Mwaka huo huo wa 1891, Rindi alifariki dunia.

Waliobaki

Mtoto wake Meli akawa Mangi. Meli alikuwa kijana, naye hakuwa na uvumilivu wa baba yake. Juni 1892 Wajerumani walipanda Moshi wakiongozwa na von Bülow. Meli aliwashinda, na von Bülow aliuawa. Agosti 1893 Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi, wakiongozwa na von Schele. Safari hiyo Moshi ilishindwa.

Vita vikafika na huku kwetu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri waliuawa Akeri, Meru. Wajerumani walikuja kulipiza kisasi, na nyuma yao walikuja wapiganaji wengi wa Kichaga. Miaka michache tu kabla, morani wa Arusha walikwenda Uchagani kumsaidia Rindi na wakarudi na ng'ombe. Sasa Wachaga walikuja Arusha na Meru, wakarudi na ng'ombe.

Tarehe 2 Machi 1900, Meli alinyongwa huko Moshi. Watu 19 walinyongwa siku hiyo, na miongoni mwao walikuwamo viongozi kutoka Meru na Arusha. Kichwa cha Meli kilikatwa, na inasadikiwa kilipelekwa Ujerumani. Watu wa Old Moshi wamekuwa wakikitafuta kwa miaka mingi. Wakati huo huo Waarusha walilazimishwa kujenga boma la Wajerumani, ambalo bado limesimama mjini Arusha, nawe umelipita mara nyingi.

Na wale wahunzi? Matanuri ya Ugweno yalizimika. Majembe ya kiwandani yaliletwa madukani kwa bei ndogo, na hakuna aliyeona sababu ya kuosha mchanga siku nzima na kuvukuta. Lakini wahunzi wenyewe hawakutoweka. Kwanza walifua nyaya, halafu mataruma ya reli yaliyotupwa, halafu springi za magari. Nyundo, koleo na makaa ni vile vile.

Wiki iliyopita nilimtembelea yule mhunzi aliyetufulia bapa la darasa. Mjukuu wake, mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, alikuwa anavukuta. Mfuko mmoja umetoboka na kuzibwa kwa mpira wa baiskeli. Nilimwuliza mzee kama amewahi kusikia chuma cha Ugweno. Aliinuka bila kujibu, akaingia ndani, akatoka na kisu kidogo kilicholika mpaka kikawa chembamba kama jani la mwanzi. Mpini wake umebadilishwa mara tatu na ala mara mbili. Alisema ni cha babu yake, na babu alikipokea kwa mtu wa Uchagani kwa mbuzi mmoja. Nilikibonyeza kwa kidole gumba. Kikapinda kidogo. Alikichukua, akakinyoosha juu ya goti lake, akakirudisha ndani ya ala.